Kutoka kitabu cha risiti hadi bakuli la uji

Andika risiti kwenye kile kitabu kisichohitaji karatasi ya kaboni, na maandishi yatatokea yenyewe kwenye nakala ya chini. Mgongoni mwa karatasi ya juu mmepakwa vifuko visivyoonekana kwa macho, vyenye mafuta na rangi isiyoonekana. Kalamu ikigandamiza vinapasuka, rangi inakutana na udongo maalumu wa karatasi ya pili, inageuka buluu.

Maganda ya aina hiyo, ambayo leo hubeba dawa na virutubishi, yalipata soko lake la kwanza kubwa hapo, kwenye kampuni ya mashine za fedha za dukani, National Cash Register ya Dayton, Marekani. Barrett Green na Lowell Schleicher waliomba hataza mwaka 1953. Walikoroga mafuta katika maji ya vuguvugu yenye jelatini na gundi ya migunga, ile inayovunwa kwa wingi Sudan. Ukitia asidi kiasi, jelatini hubeba chaji chanya na gundi chaji hasi. Zinavutana, zinajitenga na maji na kuyavika matone. Mholanzi Bungenberg de Jong alikwisha kuichunguza tabia hiyo tangu 1929, bila kuwaza risiti za mtu.

Kazi yote imo katika vipimo. Ukikoroga taratibu, matone huwa makubwa; asidi isipokuwa sawa, ganda halishiki. Tena Green aliyakaza maganda yake kwa formalini, ambayo karatasi haijali, ila tumbo litajali sana.

Madaktari walitafuta njia zao. Mwaka 1957 Thomas Chang, akiwa bado mwanafunzi wa McGill, Kanada, alitengeneza vifuko vyenye himoglobini. Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walifunika seli zinazotoa insulini kwa aljineti ya mwani, wakazipandikiza kwa panya wenye kisukari. Sukari yao ilitulia kwa wiki mbili hadi tatu. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha Lupron Depot, sindano ya saratani ya tezi dume inayochomwa mara moja kwa mwezi, kwa kuwa chembe zake huyeyuka polepole mwilini.

Kwangu mimi, kazi kubwa kuliko hizo ni ya Stanley Zlotkin wa Toronto, aliyeyavika madini ya chuma mafuta magumu ili mtoto asionje ladha yake. Chuma hicho huchanganywa katika unga wa paketi, unaonyunyiziwa chakula kilichokwisha kuiva. Lakini uji ukiwa na joto zaidi ya nyuzi 60 ganda huyeyuka, chuma kikabadilisha rangi na ladha, na mtoto akakataa bakuli.