Jina la Mti na Usalama wa Dawa za Mitishamba: Mfano wa Utange

Usalama wa dawa za mitishamba hudhaniwa kuwa ni kazi ya maabara peke yake. Historia ya pwani ya Kenya yaonyesha kuwa kazi hiyo huanzia katika jina la mti.

Utange, ulioko Kisauni kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, ni makutano ya lugha. Kiswahili na lugha za Wamijikenda husikika hapo pamoja na lugha za wahamiaji. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwapo kambi ya wakimbizi kutoka Somalia. Mahali kama hapo mti mmoja hupata majina mengi, na jina moja huweza kuchukua miti miwili. Neno mbono ni mfano mzuri. Kwa baadhi ya wasemaji ni Ricinus communis, uitwao pia mnyonyo au mbarika. Kwa wengine ni Jatropha curcas, yaani mbono kaburi. Mbegu za mnyonyo zina sumu kali, lakini sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta. Ndiyo sababu mafuta yake yametumika tangu kale kuwa dawa ya kuharisha. Mbono kaburi una sumu hata katika mafuta yenyewe. Basi aagizaye mafuta ya mbono kwa jina tu yumo hatarini.

Sheria za kikoloni hazikuligusa jambo hili. Sheria ya Uchawi ya 1925 iliwaandama waliojidai kuwa na nguvu za kichawi. Haikuuliza ni mti gani uliotiwa chunguni. Sheria ya Madawa na Sumu ya 1957 nayo ilimlenga zaidi mfamasia na duka lake. Ujuzi wa mganga wa kuchuma, kuanika na kupima ukabaki baina yake na mwanagenzi wake.

Mageuzi yalikuja baadaye. Mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata uliwapa waganga nafasi katika afya ya msingi. Mwaka 1979 Kenya iliunda Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI. Na Sheria ya Afya ya 2017 ikaitambua tiba ya asili.

Hata hivyo, maabara hupima kile kilicholetwa tu. Kamusi ikiueleza mmea kuwa "aina ya mti" na kuishia hapo, haimsaidii mpimaji wala mgonjwa. Kukusanya majina ya miti pamoja na majani, maua na mbegu zake, lahaja kwa lahaja, ni wajibu wa wanaisimu pia.