Mkimbizi na Mkimbiaji: Historia Fupi ya Mbio za Ridhaa Hadi Kasese

Utangulizi

Historia ya riadha katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa majina ya washindi na nishani zao. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanawaangalia wakimbiaji wa ridhaa, yaani wale wanaokimbia bila kutarajia malipo, wakafika wa mia tatu au wa elfu moja, kisha wakakaa kivulini kusimuliana yaliyowapata njiani na kutiana moyo kwa ajili ya mwaka ujao. Mfano wetu mkuu ni Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ambako mbio za marathoni za Rwenzori zilianza mwaka 2022, na hasa ukanda wa Bwera na Mpondwe unaopakana na Kongo.

Tumeuchagua ukanda huo kwa sababu ya neno. Katika Kiswahili kitenzi kimoja, kukimbia, kimezaa watu wawili: mkimbizi na mkimbiaji. Mpondwe imewajua wote wawili.

Kitenzi kimoja, watu wawili

Tuanze na sarufi, maana ndiyo kazi yetu. Nomino mkimbiaji imeundwa kwa kiambishi cha mazoea -ji, kama zilivyoundwa msomaji, mchezaji na mwimbaji. Mkimbiaji ni mtu aliyekufanya kukimbia kuwa desturi yake. Mkimbizi imeundwa kwa njia ya zamani zaidi, kwa irabu -i. Sauti l iliyopotea katika kimbia, lakini ambayo bado tunaisikia katika kimbilia na kimbilio, imegeuka z mbele ya irabu hiyo. Ni utaratibu uleule wa penda kutupa mpenzi na linda kutupa mlinzi.

Tofauti ya maana ni kubwa kuliko tofauti ya umbo. Mkimbizi hukimbia kwa kuwa kuna kitu nyuma yake. Mkimbiaji ameamua mwenyewe kuondoka nyumbani alfajiri na mwenyewe ndiye atakayeamua kurudi. Hapo ndipo linapoingia neno ridhaa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kukubali kwa hiari. Magazeti yetu ya michezo yamelizoea katika maneno kama ndondi za ridhaa. Lugha nyingine hupima suala hili kwa fedha: nani analipwa na nani halipwi. Kiswahili kimelipima kwa hiari.

Maisha ya John Akii-Bua yanaonyesha jinsi watu hawa wawili wanavyoweza kukaa katika mwili mmoja. Mwaka 1972, katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, askari polisi huyu wa Uganda alishinda mbio za mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipokuwa ukianguka, alikimbilia Kenya na akajikuta katika kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani Magharibi. Mkimbiaji aliyekuwa hodari kuliko wote duniani katika mbio zake alikuwa amegeuka mkimbizi. Safari ya kinyume ilionekana mwaka 2016, pale Olimpiki ya Rio de Janeiro ilipokuwa na timu ya wakimbizi kwa mara ya kwanza. Watano kati ya wanamichezo wake kumi walikuwa wakimbiaji waliotoka Sudan Kusini na kuishi katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, na walifanya mazoezi chini ya Tegla Loroupe, bingwa wa zamani wa marathoni.

Ridhaa ya jana na ridhaa ya leo

Maana ya ridhaa katika riadha imebadilika sana. Shirikisho la riadha la dunia lilipoundwa mwaka 1912, lilikuwa shirikisho la wanariadha wa ridhaa, na liliadhibu vikali waliopokea fedha. Mwaka 1932 Paavo Nurmi wa Finland, bingwa mara tisa wa Olimpiki, alizuiwa kukimbia Los Angeles kwa tuhuma ya kulipwa. Katika Afrika Mashariki sheria hiyo ilimaanisha kwamba mwanariadha lazima awe na kazi nyingine. Ndiyo maana mashujaa wetu wa kwanza walikuwa polisi, wanajeshi, askari magereza na wakulima. Kipchoge Keino alikuwa polisi. Stephen Kiprotich, aliyeipa Uganda dhahabu ya marathoni mjini London mwaka 2012, alikuwa mtumishi wa Magereza, ingawa wakati huo malipo yalikuwa yameruhusiwa kwa miaka mingi.

Wakati wanariadha wakubwa wakianza kulipwa, ridhaa ilihamia kwa watu wa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kocha Arthur Lydiard wa New Zealand aliwahimiza watu wazima wa mjini Auckland wakimbie taratibu kwa ajili ya afya. Mwaka 1970 marathoni ya kwanza ya New York iliandikisha watu 127, na waliomaliza walikuwa 55 tu. Mwaka 1981, katika marathoni ya kwanza ya London, wakimbiaji wawili wa mbele, Mmarekani Dick Beardsley na Mnorwe Inge Simonsen, walivuka mstari wakiwa wameshikana mikono. Mashindano yalikuwa yameanza kukubali kwamba watu wanaweza pia kukimbia pamoja, si kukimbizana tu.

Wa mwisho aliyekumbukwa

Sisi tulikuwa na somo hilo tangu zamani. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2 na dakika 20. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani akichechemea, goti lake likiwa limefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani. Wenzake 18 walikuwa wameacha mbio. Yeye alimaliza, wa mwisho. Leo wengi hawamjui aliyeshika nafasi ya nne siku ile, lakini Akhwari anajulikana duniani kote.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Kwa kawaida tunawafundishia wanafunzi methali hii kama onyo kwa mwenye haraka. Katika mbio za ridhaa ni faraja kwa mwenye mwendo mdogo: kufika nako ni heshima.

Mchakamchaka: sauti za kutiana moyo

Kutiana moyo kwa sauti wakati wa kukimbia si jambo lililoletwa na marathoni. Nchini Tanzania vizazi vya wanafunzi vimekimbia mchakamchaka asubuhi kabla ya darasa, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliikuza desturi hiyo, na baadaye vikundi vya mazoezi vya Dar es Salaam vikairithi: Jumamosi asubuhi utawasikia kabla hujawaona. Wimbo unapanga pumzi, hatua zinalingana, na aliyechoka anabebwa na sauti za wenzake. Hii ni fasihi simulizi inayotembea, na inastahili kufundishwa hivyo.

Neno hilohilo lilipofika Uganda lilipata maisha mengine. Chini ya serikali iliyoingia madarakani mwaka 1986, chaka mchaka likawa jina la mafunzo ya siasa na ya kijeshi kwa raia. Hili linatukumbusha historia ngumu ya Kiswahili nchini humo. Kwa Waganda wengi kiliwahi kuwa lugha ya kambi na ya amri, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikuwafanya wakipende. Neno kimbia likitoka kinywani mwa mwenye bunduki si neno la kutia moyo.

Kasese na mpaka wake

Mpakani hali ilikuwa tofauti kidogo. Bwera na Mpondwe ziko chini ya milima ya Rwenzori, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, Kongo. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo ni ndugu wa lugha moja, lakini soko la mpakani huwaleta pia wageni kutoka mbali. Hapo Kiswahili ni lugha ya bei na mizigo, na kile cha Kongo hukutana na kile cha Uganda bila kuuliza ruhusa ya mwalimu. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe ilileta wafanyakazi wa makabila mengi, nao walihitaji lugha ya kuwakutanisha.

Lakini ukanda huu umekimbiwa zaidi kuliko ulivyokimbiliwa. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na vita vya miaka iliyofuata viliwatoa maelfu ya watu milimani. Vita vya Kongo vimewavusha wakimbizi wengine mara kwa mara. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu makazi Kilembe na Kasese. Novemba 2016 zaidi ya watu 100 waliuawa mjini Kasese katika mapambano baina ya vikosi vya serikali na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu.

Katika historia ya namna hiyo, mwaka 2022 zilianzishwa mbio za Rwenzori kwa juhudi za mfanyabiashara wa utalii Amos Wekesa, pamoja na wadhamini. Kusudi lililotangazwa lilikuwa kuvuta wageni waijue milima na wilaya. Kuna mbio za marathoni kamili, nusu marathoni na masafa mafupi zaidi, hivyo bingwa na karani wa ofisi huanza asubuhi moja. Mji hauna baridi ya Kapchorwa wala ya Iten. Kasese iko bondeni, karibu na ikweta, na jua likishapanda joto huwa ndilo mshindani wa kwanza.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, chini ya mwaka mmoja baada ya kuanza kwa mbio hizo, washambuliaji wa ADF waliingia katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Waliua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Familia za jirani zilikimbia tena. Mbio za mwaka huo hazikufutwa. Zilikimbiwa Septemba, wilaya ikiwa bado katika maombolezo. Hatupaswi kudai kwamba mbio zinatibu msiba wa namna hiyo, wala kwamba fedha za wageni humfikia kila mzazi wa Mpondwe. Tunachoweza kusema ni kidogo zaidi lakini ni kweli: katika wilaya ambako watu wamekimbia mara nyingi mno bila ridhaa yao, kuona umati ukikimbia kwa hiari si jambo dogo. Mkimbiaji anahitaji kitu ambacho mkimbizi amenyimwa, nacho ni barabara iliyo salama alfajiri.

Masimulizi ya baada ya mbio

Kinachobaki baada ya mbio ni masimulizi, nayo yana muundo wake. Msimulizi wa ridhaa huanza na mazoezi yaliyokatizwa na kazi au malaria, akaeleza usiku wa kuamkia mbio, kasi ya kijinga ya kilomita za kwanza, halafu kile ambacho wakimbiaji hukiita ukuta. Ukuta huo una sababu. Akiba ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hupungua sana karibu na kilomita ya 30, na miguu huwa mizito ghafla. Hapo ndipo huingia mhusika wa pili: mtu asiyefahamika aliyepita akasema neno moja, kama vile jikaze, songa, au tupo pamoja. Mara nyingi simulizi hukumbuka neno hilo kuliko muda wa kumaliza. Kisha huja mafunzo kwa wasikilizaji: kunywa maji mapema, usivae viatu vipya siku ya mbio, anza taratibu.

Tunaona hapa tanzu tunazozifahamu: kisa, mawaidha na methali. Tunaona pia Kiswahili kikipata kazi mpya Uganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha hatua ya kukifanya lugha rasmi na somo la lazima shuleni, na mwezi huohuo Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maazimio ni mazuri, lakini lugha iliyotisha haipendwi kwa azimio. Hupendwa pale mtu aliyekata tamaa anaposikia kwa lugha hiyo neno la kumwinua.

Hitimisho

Makala haya yametumia kitenzi kimoja kusoma historia ya wakimbiaji wa ridhaa. Tumeona kwamba ridhaa ilitoka katika sheria ya fedha ikawa uamuzi wa mtu wa kawaida, kwamba mchakamchaka umewahi kuwa wimbo na umewahi kuwa amri, na kwamba Kasese inazijua maana zote mbili za kukimbia.

Kwa walimu tunapendekeza zoezi dogo. Wapeni wanafunzi kazi ya kurekodi masimulizi ya mkimbiaji mmoja wa mtaani mwao, kwa idhini yake, wayaandike kama yalivyosemwa, kisha darasa lichambue maneno ya kutia moyo yaliyomo: nani aliyasema, kwa lugha gani, na msimulizi alikuwa amefika kilomita ya ngapi. Wanaofundisha karibu na mpaka watapata Kikonzo, Kiswahili cha Kongo na Kiswahili cha shuleni katika simulizi moja. Wasikisahihishe chochote kabla ya kukisikiliza.