Fleti ya Wete na Uwanja Wake

Idi iliyopita nilikwenda Pemba na jamaa zangu. Nyumba ya wazee wetu kule shamba ilikwisha kuanguka, kwa hiyo tulikodi fleti kwa siku nne mjini Wete, katika majumba yale marefu ya ghorofa. Mwenyeji wetu alitusifia kwa simu mambo matatu: maji yapo, umeme upo, na nje ipo. Hilo la tatu ndilo nililokuja nalo juma hili. Tangu lini Mpemba akasifiwa nje kama kwamba ni tunu?

Nyumba ya Kipemba, hata ikiwa ya miti na udongo na paa la makuti, huanzia nje na kuishia nje. Mbele pana baraza, ambapo mgeni hukaribishwa kwa kahawa na mazungumzo. Nyuma ni uani, penye jiko, kinu na mbuzi ya kukunia nazi, na hapo wanawake hukaa kwa raha zao bila ya kuchunguliwa na mpita njia. Chumba ni cha kulala na kuwekea sanduku. Mgeni wa sikukuu akipewa chumba kitupu, pasi na baraza wala ua, kwa hesabu za wazee wetu hakukaribishwa huyo, amefungiwa.

Isitoshe, uwanja ulikuwa mahali pa kazi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Na karafuu haikaushwi chumbani. Ikishachumwa na kuchambuliwa makonyo, hutandazwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Ikirowa hugeuka mpeta, na bei yake huanguka. Asiyekuwa na uwanja ilimlazimu aende kwa jirani kuomba.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliahidi makaazi bora kwa wanyonge, na Ujerumani Mashariki, ambayo Zanzibar iliitambua mwaka huo huo wakati nchi nyingi zikiikataa, ikaleta wataalamu na michoro. Yalianza majumba ya Kilimani na Kikwajuni, kisha Michenzani, ambako wananchi walibeba mawe na mchanga kwa kazi iliyoitwa ya kujitolea, ingawa si kila aliyebeba alikuwa amejitolea kwa moyo wake. Pemba nayo ikapata majumba yake, Wete, Chake Chake na Mkoani. Mzee Karume aliuawa Aprili 1972, na mengi katika mipango hiyo yalikuwa bado hayajamalizika.

Tusiyabeze majumba hayo. Aliyetoka katika kibanda kinachovuja akapewa bomba, choo cha ndani na taa, alishukuru na alikuwa na haki ya kushukuru. Lakini michoro ilitoka katika nchi ambako baridi huwafungia watu ndani miezi mingi ya mwaka. Baina ya jumba na jumba waliacha nafasi pana isiyo na ua wala mwenyewe, na fleti wakazipa roshani. Neno hili ni la Kiajemi, asili yake ni mwanga, na Mji Mkongwe roshani zilikuwa za mbao na nakshi. Hii yetu ya zege iliingia kiti kimoja na ndoo.

Wakaazi wakafanya walilolijua. Kinu kilishushwa chini, maana ukitwanga ghorofani jirani wa chini hatalala. Harusi na matanga vikafungiwa turubai pale pale baina ya majumba. Msimu wa karafuu majamvi hutandazwa mpaka karibu na barabara, na harufu yake hupanda hadi madirishani. Idi hii sikuyaona majamvi, msimu ulikuwa bado, lakini miaka ya nyuma nimeyaruka mara nyingi nikienda bandarini.

Nasi tukafuata mtindo huo. Siku ya kwanza mama mkwe alikaa ndani akinung'unika. Siku ya pili alichukua mkeka, akateremka ngazi, akaketi kivulini, na haikupita saa alikuwa na majirani watano na birika la kahawa. Siku zote zilizobaki tulizimalizia hapo, huko juu tukipanda kulala tu.

Asubuhi ya kuondoka mwenyeji alituletea hesabu. Fleti siku nne, umeme, na chini kabisa kiasi kidogo alichokiandika "uwanja". Nilikuwa nikitoa pesa, maana safari ya Mkoani kuifuata meli ilikuwa mbele yetu, ndipo bibi mmoja wa fleti za chini aliposikia. Ardhi ya Zanzibar ilitangazwa mali ya umma kwa amri ya mwaka 1965, lakini bibi hakuhitaji amri hiyo. Aliweka kikombe chini akamwambia yule kijana:

"Mwanangu, hapo ninaanika karafuu zangu tangu hujazaliwa. Wewe umepanunua kwa nani?"

Kijana akacheka kwa haya, akaitoa kalamu na kulifuta neno.