Roho 30 za Contra zilitoka kwa mtu aliyeshindwa na mchezo

Mwaka wa 1985, kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo wa video unaoitwa Gradius, wa kuendesha chombo cha angani huku maadui wakija kwa wingi. Ulianza kwenye mashini kubwa za kutia sarafu. Mchezaji akifa haraka, anatia sarafu nyingine. Ugumu ulikuwa biashara.

Mwaka uliofuata, Kazuhisa Hashimoto alipewa kazi ya kuuhamishia mchezo huo kwenye Famicom, mashini ndogo ya nyumbani ya Nintendo. Ilimbidi aujaribu, na ulimshinda. Basi akaficha ndani yake njia ya kujisaidia: simamisha mchezo, kisha bonyeza maneti juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Papo hapo chombo kinapata karibu silaha zote. Alichagua mpangilio huo kwa kuwa yeye ndiye angeutumia, na alitaka kitu rahisi kukumbuka. Kaseti zilipoingia madukani, njia ile ilikuwa bado imo ndani.

Mwaka wa 1988 Konami waliitumia tena katika Contra iliyouzwa Marekani. Hapo mchezaji ana roho 3 tu, na risasi moja inatosha kumuua. Aliyebonyeza mpangilio ule kabla ya kuanza alipewa roho 30. Watoto waliambizana shuleni, na wengi hawakufika mwisho kwa njia nyingine. Lakini kaseti nzima ilikuwa na kilobaiti 128, na aliyeuzoea mchezo aliumaliza kwa muda wa nusu saa hivi. Bila ule ugumu, mzazi angejiuliza pesa yake imekwenda wapi.

Kisha likaja swali zito zaidi: aliyenunua kaseti ana haki ya kuubadilisha mchezo nyumbani kwake? Kampuni ya Codemasters ya Uingereza ilitengeneza Game Genie, kifaa kinachokaa kati ya kaseti na mashini. Mashini ikiuliza kaseti namba fulani, kifaa kinajibu namba nyingine. Kwa Super Mario Bros, herufi sita, SXIOPO, zilitosha roho zisipungue kamwe. Nintendo walikwenda mahakamani Marekani kumzuia muuzaji, kampuni ya Galoob, na kwa mwaka mmoja hivi kifaa hakikuuzwa huko. Mwaka wa 1991 Nintendo wakashindwa. Hoja ilikuwa nyepesi, na ya haki: ukizima mashini, kaseti inabaki kama ilivyokuwa. Galoob walilipwa dola milioni 15 kwa hasara waliyopata.

Siku hizi hata kifaa hicho hakihitajiki. Kuna programu zinazoigiza mashini ya zamani ndani ya kompyuta au simu. NESticle, iliyotolewa bure mwaka wa 1997, ilijulikana sana. Mashini halisi ilikuwa na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, kwa hiyo programu inaweza kuinakili hali yote ya mchezo na kuirudisha sekunde moja kabla ya kufa. Mzazi anayemwona mtoto akirudia ruko moja mara ishirini kwenye simu, ndicho anachokiona.

Hashimoto alifariki Februari 2020, akiwa na miaka 61. Programu hizo zinasoma kaseti jinsi ilivyoandikwa, pamoja na kile alichokificha. Ukibonyeza juu, juu, chini, chini katika Contra, roho bado ni 30.