Nani Mwenye Muda? Uvivu, Utulivu na Mamlaka katika Afrika Mashariki

Mwendo wa maisha ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki umezungumzwa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaoshutumu kwamba Mswahili ni mvivu, hushinda barazani akipiga soga. Wapo pia wanaosifu kwamba amejaliwa hekima ya kutokimbizana na dunia. Makala haya yanadai kuwa pande zote mbili zimekosea jambo lilelile: zinauchukulia utaratibu huo kuwa tabia ya asili ya jamii, ilhali kinachogombaniwa ni mamlaka juu ya muda wa mtu.

Methali hazitoshi kuthibitisha tabia hiyo. Anayesema “Haraka haraka haina baraka” leo, kesho atasema “Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako” au “Ajizi nyumba ya njaa”. Methali huchaguliwa kwa kufuata shauri lililopo, na wingi wake unaonyesha jamii inayojadiliana kuhusu muda. Historia nayo inakanusha dai kwamba pwani haikujua nidhamu ya wakati. Kwa karne nyingi majahazi yalitoka Uarabuni kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwa kusi, na nahodha aliyepitwa na msimu alipata hasara. Sala tano ziliigawa siku. Kusubiri upepo kulikuwa sehemu ya biashara yenyewe.

Kwa hiyo maelezo ya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, yanahitaji kupimwa. Mbiti aliwatetea watu wanaoonekana wameketi tu, akisema hawapotezi muda. Utetezi huo ni wa haki, lakini aliuegemeza kwenye dhana moja ya muda aliyoiona kuwa ya Waafrika kwa jumla. E. P. Thompson, katika makala yake ya mwaka 1967, alionyesha kuwa hata wafanyakazi wa Uingereza walifuata mapigo ya kazi yenyewe, wakijituma leo na kustarehe kesho, mpaka viwanda na saa za waajiri vilipowabadilisha. Tofauti aliyoieleza inatokana na mahusiano ya kazi, wala haihusu rangi au bara.

Unguja inatoa mfano ulio wazi. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilimtaka aliyepata uhuru aonyeshe kuwa ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mwanahistoria Frederick Cooper ameeleza jinsi wenye mashamba na maofisa wa Kiingereza walivyohitaji watu wa kupalilia na kuchuma karafuu kwa masharti yao, huku wengi wa waliokuwa watumwa wakitaka kulima chakula chao na kufanya kibarua pale walipohitaji fedha. Mtu aliyepalilia muhogo wake tangu alfajiri aliweza kuitwa mvivu, kwa kuwa jasho lake halikumfikia mwenye shamba.

Kwa bahati mbaya, mtazamo huo haukuondoka na bendera ya mkoloni. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga sheria ya nguvu kazi, na wakazi wa Dar es Salaam walioonekana hawana kazi wakakamatwa ili wapelekwe vijijini. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi walioamka mapema kuliko makarani wengi, ila kazi yao haikuwa na kitambulisho. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika. Ni sheria zenye chimbuko la kikoloni, na mzigo wake humwangukia maskini.

Hata hivyo, kumtetea aliyeketi hakutoshi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata sikukuu, na kwamba wanaume wa huko huwa kama wako likizo nusu ya maisha yao. Baraza, kwa desturi, ni mahali pa wanaume. Anayeusifu utulivu wake bila kuuliza nani anachota maji, nani yuko jikoni na nani ana mtoto mgongoni ameona nusu ya nyumba. Ndivyo ilivyo pia katika hoteli za ufukweni, ambako mgeni huuziwa “pole pole” iliyochapwa kwenye fulana, na anayemhudumia hana nafasi ya kwenda pole.

Je, basi hakuna uvivu? Upo, na Waswahili wana kipimo chake: “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza misingi ya Ujamaa. Inamlenga anayekula jasho la wenzake, wala haimgusi aliyemaliza kazi yake akapumzika. Kwa kipimo hicho, tajiri anayeishi kwa kodi za nyumba anaweza kuwa mvivu kuliko kijana wa kijiweni.

Mapumziko ni mali inayogawanywa, na mgawo wake wa sasa si wa haki. Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini kinga hiyo haimfikii mama lishe aliyejiajiri, mwendesha bodaboda anayedaiwa hesabu kila jioni, wala mke wa mkulima. Watunga sera waanze kwa kufuta vifungu vya uzururaji. Watafiti nao, kabla ya kumtaja yeyote kuwa mvivu au mtulivu, wahesabu kwanza saa za kazi za wale wanaomwezesha kuketi.