Jinsi ya kushona kiua, tundu linalopamba kofia ya mkono

Zile kofia nyeupe za mkono zinazovaliwa Zanzibar, Lamu na Mombasa, hasa Ijumaa na sikukuu, zimejaa vitundu vidogo. Kila kitundu kinaitwa kiua. Viua hupangwa kuwa mistari, maua au nyota, na pia hupitisha hewa kichwani. Oman nako wana kofia ya jamii hiyo hiyo, wanaiita kumma.

Kofia moja ina mamia ya viua, ndiyo maana huchukua wiki, hata miezi. Lakini ukikiweza kimoja, vingine ni kurudia tu.

Andaa hivi
Kitambaa cheupe cha pamba tabaka mbili, sindano nyembamba, uzi wa pamba, penseli na msharasi mdogo. Huna msharasi? Sindano nene inatosha.

Hatua kwa hatua

1. Chora kiduara kidogo, kama punje ya mtama. Usikandamize penseli, alama itabaki.

2. Piga bandi ndogo ndogo kufuata mchoro. Hii inashika tabaka zote mbili.

3. Toboa katikati kwa msharasi. Usitumie mkasi! Msharasi husukuma nyuzi za kitambaa pembeni, mkasi huzikata. Tundu la mkasi likifuliwa mara kadhaa huanza kuchanika.

4. Toa sindano nje kidogo ya bandi, ishushe kwenye tundu, kisha itoe tena nje ya bandi, ikigusana na mshono uliopita. Endelea mpaka umalize mzunguko.

5. Geuza kitambaa, pitisha sindano chini ya mishono michache, kata uzi. Rudisha msharasi tunduni na uuzungushe ili kiua kikae duara.

Wanaoanza hukwama wapi?
Kwenye kuvuta uzi. Ukikaza mno kitambaa kinajikunja, ukilegeza tundu linaziba. Fanya mazoezi kwenye kitambaa chakavu, viua kumi kwa mstari, mpaka vyote vilingane.

Kwa nini ujisumbue?
Mashine inatoa kofia haraka na kwa bei ndogo, huwezi kushindana nayo kwa kasi. Kofia ya mkono inauzwa ghali kwa sababu ya unadhifu wake. Kabla hujaipeleka sokoni, iinue kwenye mwanga. Kiua kilichopinda utakiona hapo hapo. Kifumue, uanze upya.