Kodi ya mwaka kwa mkupuo

Mimi ni mpangaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, tangu ujana. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ambaye jengo lake lilipita miaka 10 hakuambulia fidia. Wapangaji wa majengo hayo wakawa chini ya Msajili wa Majumba wa serikali.

Kwa nyumba zilizobaki mikononi mwa watu binafsi, sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ikazidi kubana kodi, na ugomvi ukapelekwa mabaraza ya nyumba. Kwa hiyo baba mwenye nyumba wangu aliacha kukarabati: bati likatoboka, tukakinga mvua kwa sufuria. Sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2005, alibandika karatasi ukumbini: kodi ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Simlaumu sana, bati nalo ni pesa. Lakini mshahara wangu ulikuja kwa mwezi. Nikakopa kwa shemeji.